Amri Isiyorudiwa

Wazo la kuishi kwenye boti lilikuwa la Pil-sun, ingawa leo ukiuliza pale Tongyeong, mji wao wa pwani ya Korea, utaambiwa ni la mumewe.

Miaka ishirini na miwili Pil-sun alisimama katika banda la chaza, ndoo kushoto, kisu kulia, akipasua magamba tangu alfajiri. Banda lilijengwa ukingoni kabisa mwa bahari, lakini madirisha yake yalikuwa juu mno, ya kupitisha mwanga tu. Wanawake waliisikia bahari bila kuiona. Msimu mmoja alikata ramani ya visiwa iliyochapishwa nyuma ya kalenda, akavitia alama kwa kalamu nyekundu kimoja kimoja: Yokjido kwanza, halafu Geomundo, halafu mbele zaidi. Akaificha kwenye droo ya vijiko.

Mumewe, Gi-cheol, alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha meli. Alipostaafu akawa anafunguafungua droo kwa kukosa la kufanya, akaikuta.

"Mama Da-hye, hii nini?"

"Mchezo tu, Baba Da-hye. Nilikuwa nawaza, tukizeeka tungeishi kwenye boti, tukawa tunakwenda kisiwa hadi kisiwa."

Gi-cheol aliitazama ramani kwa muda mrefu. Haukupita mwezi akaja na boti kuukuu ya tanga, akamwambia kila jirani kwamba hiyo ndiyo ndoto yake tangu ujana. Pil-sun alisikia. Furaha ilikuwa imemjaa hata hakuona amenyang'anywa nini.

Alitoa sharti moja tu. "Nyumba tumwachie Da-hye, sawa. Lakini mimi nami nipate leseni. Siingii mle kama mzigo."

"Nani kakukataza? Kasome," alisema Gi-cheol.

Basi wakaingia darasa moja. Mwalimu wao, Bang, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uso umebabuka kwa jua, sauti ya mnadi wa samaki. Siku ya kwanza hakuwafundisha tanga wala nanga.

"Upepo unakula maneno," alisema. "Nahodha akisema 'legeza kamba', baharia anarudia 'legeza kamba', ndipo analegeza. Amri isiyorudiwa haijatolewa. Na msimamizi wa mtihani anahesabu hivyo hivyo."

"Mke wangu hahitaji shule kwa hilo," alisema Gi-cheol. "Amefanya mazoezi miaka thelathini na mmoja."

Darasa likacheka. Pil-sun naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo.

Alisoma kwa bidii ambayo hata yeye ilimshangaza. Alifunga mafundo kwenye mguu wa meza ya kulia chakula, kwenye bomba la maji, kwenye mpini wa sufuria. Vidole vilivyozoea kufungua sasa vilifunga. Zamu ya Gi-cheol kuwa nahodha ilipofika, kila amri ilirudiwa na mkewe wazi, haikupotea hata moja.

Zamu ya Pil-sun ilikuwa na mambo yake. Zoezi gumu lilikuwa kubisha: nahodha anageuza usukani ili boti ipokee upepo ubavu wa pili, na papo hapo baharia anaachia kamba ya tanga dogo upande mmoja na kuivuta ya upande mwingine. Mmoja akichelewa, boti inasimama.

"Tayari kubisha," aliamuru Pil-sun.

Gi-cheol aliinua macho kwenye tanga. "Bado kidogo."

"Mzee Tak," alisema Mwalimu Bang, akimwita Gi-cheol kwa jina la ukoo, "umeambiwa ubishe kwa tanga, si kwa mdomo."

"Mwalimu, mimi nimetengeneza meli miaka thelathini na minne. Boti naisikia."

"Na mkeo je, unamsikia?"

Gi-cheol alitabasamu kama mtu aliyetaniwa na mtoto.

Mtihani uliangukia siku ambayo Pil-sun alitimiza miaka hamsini na tisa. Kwao siku ya kuzaliwa mtu hunywa supu ya mwani. Lakini nani asiyejua kwamba anywaye supu ile asubuhi ya mtihani huteleza kama mwani wenyewe, akaanguka? Aliuacha mwani mkavu kabatini, akala wali na kimchi, kabichi yao chachu ya pilipili, basi. Mumewe hakukumbuka siku ile ni ya nini, wala hakuuliza kwa nini mkewe hakuinywa.

Gi-cheol alitangulia, akapita. Kisha Pil-sun akashika usukani. Msimamizi akatupa boya la rangi ya chungwa majini. Hilo ndilo lililokuwa mtu aliyeanguka, na nahodha alipaswa kumrudia.

"Tayari kubisha," alisema Pil-sun.

Kimya.

"Tayari kubisha!"

"Unawahi," alisema Gi-cheol, macho kwenye boya. "Ngoja nikwambie."

Pil-sun aligeuza usukani. Mumewe hakuachia kamba. Boti ikageuka nusu, ikasimama na tanga limebanwa upande usio wake, na boya likapita taratibu, likaenda zake. Msimamizi akaandika maneno machache: nahodha hakusikilizwa.

Gatini Gi-cheol alimpigapiga begani. "Nilitaka kukusaidia."

"Mimi nilirudia zako zote."

"Sasa kuna ubaya gani? Boti moja, leseni moja. Au ulikunywa supu ya mwani wewe?"

Akacheka, na wenzao wakacheka. Pil-sun alikuwa akikunja kamba, akaendelea kuikunja.

Jioni ile alimwomba mara moja tu. "Mtihani mwingine uko mwezi ujao. Njoo uwe baharia wangu. Kurudia tu, basi."

"Mwezi mzima? Baridi itatukuta. Wewe njoo hivyo hivyo. Utatupikia."

"Nilisema siingii kama mzigo."

Gi-cheol alidhani mkewe atalainika. Alipoona halainiki, alimchukua Pyo, aliyekuwa msaidizi wake kiwandani na aliyezoea kuitikia kila neno. Ramani ya kalenda akaibeba, wakang'oa nanga. Mwalimu Bang alimpigia Pil-sun simu: aje tu kwenye mtihani, atamtafutia baharia mwingine.

"Leseni nitaipata, Mwalimu," alisema Pil-sun. "Boti je?"

Msimu wa chaza ulipofunguliwa, alirudi bandani. Dada Chun-ja, mkubwa wao wote, alimsogezea ndoo.

"Si tuliambiwa wewe sasa ni mtu wa visiwani?"

"Upepo umenirudisha, dada."

"Mmh. Upepo huo una masharubu."

Siku ya nne simu ililia juu ya kreti. Ilikuwa picha: Pyo ameshika kamba, nyuma yake kilima cha kijani, na pembeni ramani imebandikwa, alama nyekundu zikionekana. Chini Gi-cheol ameandika: *Tumefika Yokjido. Bahari shwari.*

Pil-sun alivua glavu, akaandika: *Mmefika Yokjido. Bahari shwari.*

Chun-ja alichungulia. "Ndiyo jibu gani hilo? Kasuku wewe?"

"Ndivyo baharia anavyojibu."

Simu ikalia tena. *Wewe nawe, sema basi kitu.*

Akaandika: *Wewe nawe, sema basi kitu.* Akavaa glavu, akachukua chaza mwingine.