Deni la Kuonyesha

Nchi hii haikuamini mpaka udaiwe. Uholanzi nililipa kodi na bili zangu kwa wakati, tena kwa woga, halafu tukahamia Birmingham nikaambiwa sina historia ya mikopo. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, sina historia!

Yasingeniuma hivyo kama si magoti ya mama yangu. Nyumba yetu ya Bordesley Green ilikuwa na choo kimoja tu, juu ghorofani, na ngazi zake zilisimama wima. Mama alizipanda kwa makalio, kidato kimoja baada ya kingine, huku akituamuru tutazame pembeni. Ndipo tukaona Northfield nyumba ya kupanga yenye choo na bafu chini. Mama akaingia mle chooni, akafunga mlango, akakaa muda mrefu bila haja yoyote. Alitoka anatabasamu. Nyumba ilikuwa bado inakarabatiwa, na wakala akasema itatolewa kiangazi, kwa mtu mwenye alama nzuri za mkopo.

Siri ya alama hizo nilipewa na mwenzangu wa kazini, Mkongo aliyevaa suti hata siku za kupakia maboksi.

"Dada, munalipa mbio sana," akaniambia, na bili yeye aliiita facture. "Tumia kadi kidogo, unaacha facture itoke, njo unalipa yote. Ukilipa mbele facture itoke, computer inaona zéro. Inasema huyu mutu hana kazi na kadi."

Aliongea kwa sauti ya mahubiri, nikashangaa hakupitisha kapu la sadaka. Lakini alikuwa ametugusa penyewe. Mume wangu ni dereva wa basi, na kadi ilikuwa kwa jina lake kwa sababu mshahara wake ndio uliokuwa wa kueleweka. Akinunua petroli asubuhi, jioni ameshalipa. Deni linamwasha mwilini.

Nikampa amri: asilipe kitu mpaka bili itoke, ikitoka alipe yote, riba isitukaribie. "Sawa, mama watoto," akasema. Kila mwezi nilimuuliza, kila mwezi akanijibu sawa. Nikajiona waziri wa fedha.

Mama alitusikia mezani. "Yaani mnakaa na deni makusudi?"

"La wiki chache tu, hooyo," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisomali chetu.

"Na huyu anaendesha basi kwenye barafu. Akifa wiki hizo, nani atamlipia?"

"Hafi."

"Wewe umeongea na malaika?"

Nikacheka, nikaendelea kula. Nilidhani yameishia hapo, kana kwamba simjui aliyenizaa.

Kiangazi wakala akatukataa. Msichana wa ofisini alitazama skrini yake, akasema kwa upole kwamba kadi hii inaonekana kama haijawahi kutumika. Nikamgeukia mume wangu. Mtu anayewashusha walevi kwenye basi bila kupepesa macho alikuwa anakagua zulia.

Yote yakatoka garini. Kila mwezi, kabla bili haijatoka, Mama alikuwa anamwita jikoni na kumpa pesa, kisha anasimama pembeni yake mpaka simu ionyeshe deni limekwisha. Pesa zilitoka kwenye ayuto, mchezo wa kuchangiana na kupokezana wanaoucheza yeye na wanawake wenzake. Alikuwa ameomba apewe zamu ya kwanza, akasema ana dharura. Wakampa papo hapo. Hakuna aliyemuuliza alama zake.

"Angekuwa mama yako, wewe ungemkatalia?" mume wangu akauliza.

"Ni mama yangu! Na namkatalia kila siku!"

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia Mama, na yalikuwa makali, mengine ya kusikitisha. Nilimkuta sebuleni, begi lake limeshafungwa.

"Funguo ziko wapi?" akauliza.

Nikaketi kando yake. "Nyumba ina unyevu, hooyo. Kuta zimejaa ukungu. Tumeikataa."

Akaweka mkono juu ya begi. "Basi. Bora hatudaiwi na mtu," akasema, akamtupia mkwewe jicho la pongezi. Kisha akauliza, taratibu, kama hiyo nyingine tutakayopata nayo itakuwa na choo cha chini.

Nikasema itakuwa nacho. Wiki ile ile nikaomba kadi yangu mwenyewe. Ilipofika nikaenda nayo dukani, nikanunua maziwa, na Mama aliponiuliza nikamwambia nimelipa taslimu. Nilikuwa nadaiwa pauni moja na kitu, na kila nilipovuka barabara nilimwomba Mungu nisife kabla bili haijatoka.