Kelele Chini ya Giaboksi

Svetozar ni fundi mzuri, sikatai. Alizaliwa mtaa huuhuu, akafanya kazi kwenye kiwanda cha matrekta mpaka kilipofungwa, na tangu hapo anafungua magari ya watu uani kwake. Lakini mchafu! Anapangusa mikono yenye grisi kwenye suruali, kisha anamega mkate kwa mikono hiyohiyo. Mkewe alivumilia, akachoka, akahamia kwa dada yake. Simlaumu.

Ningetafuta fundi mwingine, ila haiwezekani. Svetozar ndiye aliyesimamia harusi yetu, na hapa Serbia msimamizi wa harusi ni zaidi ya ndugu wa damu. Ukimnyima kazi umemtukana, na mtaa mzima utakuwa umejua kabla supu haijachemka.

Basi giaboksi ya gari letu ilipokufa, aliishusha, akaitengeneza, akairudisha. Mume wangu Blagoje alikuwa msaidizi, yaani mshika chupa, maana wanaume wetu hawalegezi hata bolti moja bila rakia, pombe yetu kali ya matunda, na nyama ya nguruwe ya kuchoma pembeni. Nilipopita kuwaangalia wakanikatia kipande. Nikala. Nikaomba na chumvi.

Kesho yake ilikuwa siku ya mama mkwe, Desanka, kwenda hospitali kusafishwa damu. Figo zake zimekufa. Akikosa mashine anavimba, pumzi inakata. Tukamkalisha kiti cha nyuma, nikawasha gari.

Kra-kra-kra-kra! Kama vijiko vinatikiswa ndani ya ndoo.

Nikaliburuta polepole mpaka kwa Svetozar, Blagoje anafuata kwa miguu.

"Unasikia hiyo?"

"Gari linaongea tu, shemeji. Lilinyamaza muda mrefu."

"Na likituzimikia njiani? Utambeba mama mgongoni?"

"Asinibebe," mama akasema kule nyuma. "Ananuka."

Blagoje akacheka. Nikamwangalia, akaacha.

Svetozar akaingia chini ya gari. "Washa! Kanyaga klachi! Achia! Zima! Washa tena!" Kelele zilikuwa palepale injini inapoungana na giaboksi. Mama alikuwa ameanza kuhema, mkono kifuani. Injini ikapata moto, na ghafla ikaja harufu ya mafuta ya nguruwe yanayoungua.

"Nani anakaanga nyama?" nikauliza.

Blagoje anatazama viatu vyake.

"Blagoje. Ile nyama mliichomea juu ya nini?"

"Juu ya bati."

"Bati gani?"

"Lile la kinga, la chini ya giaboksi. Lilikuwa limefunguliwa, liko bapa, la saizi nzuri... Svetozar alilipangusa kwanza."

"Kwa kitambaa kipi?"

Kitambaa kilikuwa kinaning'inia mfukoni mwa Svetozar, cheusi, kimekakamaa kama ngozi ya kiatu.

Svetozar akafungua bolti, akalitoa bati. Makaa yalikuwa yamelipinda, ukingo wake mmoja umebenuka juu, ndio uliokuwa unakwaruza gurudumu zito linalozunguka nyuma ya injini. Upande wa ndani mafuta yameganda, yamechanganyika na vumbi la klachi, na kipande cha ngozi ya nguruwe bado kimeng'ang'ania, kina manyoya yake.

"Moto unaua vijidudu vyote," Svetozar akasema.

"Funga mdomo, nyoosha bati!"

Akalilaza juu ya jiwe, akalinyoosha kwa nyundo, akalirudisha. Nikawasha. Kimya, injini peke yake.

"Sasa tunywe," akasema, mkono tayari uko kwenye chupa. "Giaboksi haitoki uani bila kutakiwa maisha marefu."

Nilishatia gia. Nikaendesha madirisha yote wazi, mama akilalamikia baridi, mpaka mlango wa hospitali, ambako muuguzi alikuwa amesimama nje anatutafuta kwa macho.

Mama alipotulia kwenye mashine, Blagoje, niliyemwacha kule uani, akapiga simu. Svetozar anauliza, mbona hata ahsante hakuna?

Nikampa ahsante yake. Mama alikuwa anapumua vizuri, na hilo ndilo nililolitaka. Lakini uani kwake sinywi hata maji.