Mama alianika batterie ya lithium ku jua

Wakuu, bapapa na bamama, salamu kutoka Kibua, huku Walikale. Sikuambiwa na muntu, niliona na macho yangu.

Dada yangu alikuwa na mimba, miezi ilikuwa imetimia. Kufika maternité, kule wanazalishia, ni pikipiki tu, na motard mwenye kuiendesha anaitwa kwa simu. Simu ikizima, njo kumubeba ku tipoy, ku mabega ya watu, mu matope.

Nikaleta panneau ya jua na batterie ya lithium, simu isikose charge. Katikati nikafunga régulateur, sababu jua likiwa kali panneau inatoa nguvu kupita yenye batterie inavumilia. Nikairegler, ni kusema nikaipanga, ku lithium, si ku plomb ya zile batterie za asidi. (Musoma vizuri yenye imeandikwa ku batterie yenyewe.)

Nikaenda shamba, roho safi.

Mvua sasa! Jua likapotea, batterie ikachoka. Na munajua desturi yetu: piles, zile betri ndogo za radio, zikiisha, tunazianika zipate nguvu.

Siku jua lilitoka, nikirudi, nakuta batterie juu ya mabati, pembeni ya panneau, inachajiwa, imevimba sawa tumbo ya chura. Chini yake, mu nyumba, dada amelala.

Yesu wangu!

"Nani aliiweka huku?"

"Ni miye," Mama akasema. "Ilikuwa imechoka, nikasema ipate joto."

Nikatoka na dada inje, nikakata waya ya panneau, nikaibeba batterie ku beleshi mupaka mbali na nyumba.

Dada akaangalia simu, charge karibu inaisha. "Na uchungu ukikuja leo?"

Mama akachukua ile simu, akaenda kwa jirani mwenye groupe ya kutoa umeme, akakaa pembeni yake mupaka ikajaa.

Uchungu ulikuja kesho yake. Motard alijibu. Mutoto iko muzima, mama yake iko muzima, Mungu asifiwe.

Kwa wenye banaanza: lithium haipendi joto. Panneau ku jua, batterie mu kivuli, penye hewa inapita. Ikivimba usiichaji tena hata kidogo, ao utachoma nyumba.

Sasa tuko na batterie ingine. Mama haigusi. Akitaka taa, anaita muntu amuwashie, yeye mwenye alitaka tu kutusaidia. Hii njo inaniuma kuliko batterie.

Wakuu, kwenu muliwaelezaje wazazi bila kuwapatisha haya? Munisaidie.