Mashine Iliyofundishwa Kuitika

Makontena tisa yalipotea Chaani, na yote yalikuwa yamesimama pale uani unayaona.

Sitanii. Mwaka 1996 nusura yanitoe kazini.

Nilikuwa karani wa bohari ya makontena huko Chaani. Kila mzigo nauandika kwenye kompyuta, kisha nautuma kwa waya wa simu hadi mashine kubwa ya kuhifadhi kumbukumbu, ofisi kuu Likoni.

Taarifa ilikatwa vipande vyenye namba, vikapita laini mbili. Cha tatu kiliweza kufika kabla ya cha pili. Mashine ilivisubiri, ikavipanga, ikaagiza upya kilichopotea, ikaandika, ndipo ikajibu: IMEPOKEWA.

Ilichukua muda. Na Bwana Mwidani, msimamizi wetu, alikuwa mtu wa adabu.

"Kadzo, mashine gani hii?" alifoka. "Mtu mzima akiita, huitikwa! Hata mtoto husema abee kwanza, kisha ndipo aje!"

Akampigia simu Faki, fundi wa Likoni.

"Mwanangu, ifundishe kuitika."

"Baba, ikiitika kabla ya kuandika, kipande kikipotea haitakiomba tena."

"Wewe wanibishia?"

Faki alikuwa amemuoa bintiye. Angefanyaje?

Kuanzia hapo mashine ikawa na adabu kutushinda sote. Hujainua kidole, IMEPOKEWA! Bwana Mwidani akatamba kwa wakubwa kwamba ameharakisha kazi.

Kisha makontena yakaanza kupotea kwenye kumbukumbu. Laini ikikwaruza au stima ikikatika kidogo, vipande vilivyoitikiwa bila kuandikwa vilikwenda na maji. Yalipofika tisa, Bwana Mwidani akadai mimi sikuyatuma.

"Nilituma, Bwana. Mashine ilijibu."

"Kwa hivyo mashine ndiyo mwongo?"

"Ndiyo."

"Wallahi, kiburi hiki!"

Niliogopa, msinione nacheka leo. Mume wangu hakuwa na kazi, na ajira ile ndiyo iliyotulisha.

Alasiri hiyo Bwana Mwidani akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, akawaandikia wakubwa mbele yangu, makusudi nisome:

"Kadzo wa Chaani aachishwe kazi. Florence, msaidizi wake, ni hodari na mwaminifu. Apandishwe cheo."

IMEPOKEWA, mashine ikajibu. Bwana Mwidani akatabasamu. Mimi nikaenda chooni kulia.

Kesho yake Faki akaja mwenyewe na jibu, akijizuia kucheka.

"Baba, wakubwa wamekubali pendekezo lako. Kadzo ndiye karani mkuu."

"Nani?"

Faki akamsomea kilichofika Likoni: "Kadzo wa Chaani ni hodari na mwaminifu. Apandishwe cheo."

Kipande cha katikati kilipotelea njiani, na mashine yenye adabu haikuuliza.

 Bwana Mwidani angesema kipande kimepotea, basi na makontena nayo yalipotea vivyo hivyo, na mimi sina kosa. Sifa zake zote kwa wakubwa zingeishia hapo.

Akanipa mkono. 

"Hongera, Kadzo."

"Ahsante kwa kunipendekeza, Bwana."

Amri yangu ya kwanza: mashine iandike kwanza, ijibu baadaye. Faki aliifanya siku ileile, kwa furaha, maana sasa ilikuwa amri ya ofisi wala si yeye anayembishia mkwewe.

Ndugu zangu, mtu akikujibu upesi mno, usishangilie. Muulize alichoshika ni kipi.

Na Florence, kama unasoma hapa: hongera sana, dada. Cheo kilikuwa chako.