Kitambaa Juu ya Kiti cha Mzee

Hii nilisimuliwa na jirani yangu wa mtaa wa Jericho, yule anauza mboga. Alipeleka kiti cha marehemu bwana yake kwa fundi, kipigwe msasa na vanishi. Fundi akafika mahali kiwiko cha mzee kilikuwa kimebonyeza mbao.

"Mama, hapa nilainishe?"

"Hapo usiguse, baba."

"Wageni wataniona fundi mbaya."

"Wewe paka kwingine. Hapo nitafunika mwenyewe."

Akafuma kitambaa cheupe. Wageni wakija wanakisifu. Wakienda anakitoa, anaweka kiwiko chake pale palipobonyea, anatulia mpaka chai inapoa.

Na watu hudhani vitambaa ni vya vumbi. Haya watoto, mkalale. Na cha kiti changu msikitoe.