Mikono ya Dada wa Mazoezi

Kabla ya kumgusa mgonjwa, dada wa mazoezi ya viungo husugua viganja vyake mpaka vipate joto, kisha huuliza kwa upole, "Baba, nikushike?" Mke wa mgonjwa, anayemnyanyua mumewe mwezi wa tano sasa tangu apooze upande mmoja, husikia wivu ukimwasha kama pilipili jichoni. Leo viganja vile vilimshika mume kiunoni, vikalegea, vikabaki hewani, upana wa kidole tu kutoka kwenye shati. Mke akakurupuka kumdaka.

"Mama, mwache autafute mguu wake."

Mume akasimama peke yake, magoti yakitetemeka, uso umemchanua kama bwana harusi.

"Kwangu kila siku huwezi," mke akasema kwa uchungu. "Kwake unaweza!"

"Mke wangu," akajibu akihema, "wewe hujawahi kuniachilia."