Darubini ya Bei Chee na Msumari wa Fundi

Siku tuliyomzika mwanetu, mume wangu hakukaa na waombolezaji.

Alitoka makaburini, akapita katikati ya watu bila kuitikia pole hata moja, akaingia karakana yake, akajifungia.

Kisha tukasikia nyundo.

Du. Du. Du.

Watu wakatazamana. Wifi yangu akaninong'oneza, "Kaka amerukwa na akili."

Nilijua si wazimu. Ile ilikuwa nyundo ya mpira, na nyundo ile ilikuwa na kazi moja tu.

Wanangu, ngojeni nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mume wangu alikuwa fundi bunduki. Alisifika hasa kwa kupima darubini, zile zinazofungwa juu ya bunduki ili mlengaji aone mbali. Ndani yake mna msalaba mwembamba. Panapokaa msalaba ndipo risasi inapokwenda.

Bunduki tupu aliibana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani, akaelekeza msalaba kwenye kichwa cha msumari uliokuwa kwenye ukuta wa mwisho wa ua. Halafu akaigonga darubini kwa nyundo ya mpira, maana bunduki ikilia hupiga teke, na darubini mbovu huhamisha msalaba kwa teke hilo.

Kisha anachungulia. Msalaba ukibaki juu ya msumari, nzima. Ukihama, kimeo.

"Msumari hauna rafiki," ndivyo alivyopenda kusema.

Mwanetu wa pekee wa kumzaa tulimwita Ngongoti, kwa urefu wake. Alikuwa askari wa wanyamapori. Siku moja akaja amekumbatia kiboksi kama mtu aliyebeba mayai.

"Baba, tazama! Nimejinunulia darubini."

Baba akauliza bei. Akaambiwa. Akacheka mpaka akashika meza.

"Kwa bei hiyo? Hii ni ya kuchungulia kuku wa jirani!"

"Ipime basi, baba. Kioo safi. Vifungo vinalia tik tik, havilegei. Nimeiloweka kwenye ndoo, haikushika ukungu."

"Rahisi ghali, mwanangu."

"Si wewe unayesema msumari hauna rafiki?"

"Sipotezi nyundo yangu kwa takataka."

Akafungua kabati, akatoa darubini yake mwenyewe. Ilikuwa ya gharama kubwa, aliachiwa na bosi wake wa zamani, na miaka yote aliiviringisha kwenye kitambaa laini kama kitoto kichanga.

"Hii ndiyo darubini. Mwanangu haendi porini na mchezo."

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la chai. Nikauliza, "Na hiyo umeipima, mzee?"

"Hii? Mke wangu, hii ndiyo ya kupimia nyingine!"

Tukacheka wote watatu. Hata mimi.

Wakaifunga. Ngongoti akajaribu risasi mbili, zikapiga pazuri. Akainama chini ya kizingiti, kama kawaida yake, akaondoka.

Gari la doria likamtikisa yeye na bunduki yake kutwa kwenye njia ya mashimo. Mbele yake akatokea nyati aliyekuwa akiua watu mashambani.

Wenzake walisema hakutetemeka. Alilenga bega. Risasi ikaenda tumboni.

Nyati aliyejeruhiwa hamsubiri mtu aongeze ya pili.

Basi, siku hiyo ya maziko nikagonga mlango wa karakana, nikafunguliwa. Mezani palikuwa na darubini mbili. Ile ya bei chee ilikuwa juu ya bunduki, kwenye jiliwa. Ameigonga mpaka rangi imebanduka.

"Chungulia uniambie," akasema. "Macho yangu yamejaa."

Nikachungulia. "Msalaba upo palepale kwenye msumari."

Akaitoa. Akafunga ile yake, akauweka msalaba juu ya msumari, akaigonga. Mara moja tu, taratibu, kama anayebisha hodi.

"Chungulia."

Nikachungulia.

Msumari ule, kule. Msalaba, huku. Umehama upana wa kiganja.

Nje kina mama walikuwa wanalia. Mume wangu alikuwa anatazama mdomo wangu.

"Upo palepale," nikasema. "Haukuhama. Ilikuwa siku yake tu, baba."

Akatikisa kichwa polepole. Akanishika mkono.

"Ahsante, mke wangu," akasema. "Nilishachungulia kabla hujaingia."

Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Ila tangu siku hiyo hakuwahi kumuuliza mteja bei. Aje na ya tajiri, aje na ya maskini, jibu lilikuwa moja: "Funga kwenye jiliwa."

Juzi walikuja kupaka ukuta rangi, wakataka kuung'oa ule msumari. Nikawaambia wapake kuuzunguka.

Wanangu, muuzaji atakutajia bei, lakini uzima wa kitu hautajwi na mtu. Cha rahisi kipimeni. Cha ghali kipimeni. Na kile mnachokipenda mpaka mnaona aibu kukigonga, anzeni na hicho.